Mama Atakaa wa Kwanza

Goma, tarehe 17 ya mwezi wa kenda, 1956

Mukubwa wangu Nyirakamana, kaye hii, daftari nzima, ikukute hapo Rutshuru ukiwa umekaa mulangoni unachambua maharagi, si umelala na ugonjwa. Kwanza nakusalimia wewe mwenyewe pamoja na goti lako la kushoto, maana mvua ikianza lenyewe njo linajua mbele ya watu wote. Nasalimia shemeji yangu muzee Sibomana. Kikohozi chake sikisalimii, kiende. Nasalimia Ndayambaje ambaye atakusomea, asante mutoto wangu, soma polepole, mama yako mudogo anaandika vibaya lakini anaandika yote. Nasalimia bibi aliyemuoa na tumbo lake. Kama tumbo limekwisha kuwa mutoto, nasalimia mutoto. Nasalimia binti yako Lucie, umwambie viatu alivyosahau hapa Émérance anavivaa, asivitafute. Nasalimia jirani yenu mama wa Paul aliyenipa mbegu za mboga ya lengalenga, ziliota. Nasalimia ule ng'ombe wa pembe moja. Kama nimesahau mutu, asikasirike, ni akili yangu ndogo, si roho.

Hapa kwetu Habarurema bwana yangu iko muzima. Anapasua mbao kule shantye ya mashua na ule musumeno mukubwa wa watu wawili, na masikio yake yamejaa unga wa mbao, ndiyo sababu hasikii ninachosema. Binti yetu Émérance anasoma kwa masere wa misioni. Hilaire iko muzima, amekuwa murefu kupita baba yake. Habari zake utazikuta mbele.

Ulinitumia neno kwamba barua zangu ni fupi kama mutu anayekohoa. Basi nitaandika mvua yote, kidogo kidogo, na mvua ikipunguka nitampa shofere wa kamio ya mizigo akuletee. Siku utakayoona sikuandika, ujue nilikuwa shambani Katoyi, ama nilikuwa na hasira.

Tarehe 19

Mulima wa moto ulikuwa mwekundu jana. Leo mvua.

Tarehe 24

Habari kubwa. Lakini kwanza nikueleze shantye, maana hujaiona.

Iko chini kwa ziwa, pale penye muchanga kidogo kati ya mawe meusi. Patron ni muzungu muzee asiyesema sana. Kapita, musimamizi wa waseremala, ni Nzabonimpa, mutu wa kelele. Pale hawatengenezi mashua moja mara mbili. Kila mutu anakuja na shida yake, nao wanamutengenezea mashua ya shida ile. Na iko desturi yao: mashua ikishushwa majini mara ya kwanza, mutu wa kwanza kukaa ndani ni mwanamuke aliyezaa. Wanasema njo mashua inajifunza kubeba. Tangu Hilaire alipokuwa mutoto wa kubebwa mugongoni, ule mwanamuke ni mimi.

Nimekaa wa kwanza katika mashua ya mapadri, iko na paa na benchi kama kanisa, nikaona karibu nianze rozari. Nimekaa katika ile pana ya kupeleka ng'ombe kisiwa cha Idjwi, ni kama kukaa katikati ya kiwanja. Ya munganga ni nyembamba, inakimbia, na ndani mulikuwa na kitanda cha mugonjwa, nikakataa kukikalia. Ya ule muzungu wa kahawa, yenye kitambaa cha upepo, ilinitikisa kama kiti kilichovunjika muguu, nikaita watakatifu wote, na Nzabonimpa alinicheka mpaka siku ya posho. Mitumbwi ya wavuvi, ya muti mumoja wa kuchimba, sikuihesabu. Zote zinatembea kwenye ziwa hili na zote zilinijua mimi kwanza.

Sasa habari yenyewe. Alikuja mwanamuke mumoja, Munande wa Butembo, anaitwa Mama Angèle. Bwana yake alikufa, akamuachia kazi ya samaki wa chumvi kule Vitshumbi, kwenye ziwa lingine. Anataka mashua ya kule. Na patron alisema Hilaire njo ataijenga, toka mbao ya kwanza mpaka ya mwisho, Nzabonimpa atamuangalia tu. Ni mashua yake ya kwanza yeye mwenyewe. Nilinunua nyama. Habarurema aliuliza ni Noeli gani hii.

Tarehe 28

Nimemuona Mama Angèle. Amevaa viatu vya kitambaa na vikwembe viwili vya rangi moja. Anaongea Kifaransa na patron bila kukwama. Amepanga chumba hapa karibu na shantye, anasema ataketi mpaka mashua iishe. Alinisalimia vizuri. Alinisalimia vizuri sana.

Tarehe 2 ya mwezi wa kumi

Nilipeleka chakula, nikakuta ugomvi. Nzabonimpa alitaka mashua iwe kama zetu zote, nyepesi chini. Mama Angèle akamuuliza kama amekwisha kuona kiboko. Nzabonimpa akasema ameona picha. Watu wakacheka. Basi ule mama akasimama juu ya mbao, akamwambia Hilaire aingize mabega chini yake na kuinua, aone kiboko anavyofanya. Mwana wangu akaingia chini akainua, na Mama Angèle akaanguka juu ya unga wa mbao akicheka, mukono umeshika bega la Hilaire.

Ni kweli, hapa ziwani kwetu hatuna kiboko wala mamba, tunasahau. Hilaire akasema ataweka mbao nzito mara mbili chini, ya musitu wa Masisi, na kuta ziwe ndefu. Na kwa sababu kamio haiwezi kubeba mashua ndefu hivyo mpaka Vitshumbi, ataitengeneza vipande vitatu, kila kimoja kama sanduku, ifungwe na bulo, zile misumari za chuma za kukaza, kule kule. Hakuna aliyekwisha kufanya hivyo hapa. Nzabonimpa akasema mashua ya kukatwa kama mukate itakunywa maji kama mukate. Hilaire hakumusikiliza. Alikuwa anamusikiliza Mama Angèle, kinywa wazi, vile alivyokuwa ananisikiliza mimi nikimuelezea hadithi ya sungura.

Tarehe 4

Mvua. Nguo hazikauki.

Tarehe 9

Hilaire alirudi, nikamuwekea maharagi na viazi. Akasema ameshiba.

"Umeshiba nini?"

"Mama alinipikia."

"Mama yupi?"

"Mama, kule shantye."

"Mama yako ni mimi, na mimi nimepika hii."

Akanitazama kama mutu aliyeulizwa jina la jua. Akasema, "Lakini mama, kila mutu anamwita mama."

Nyirakamana, wewe unajua. Katika Kinyarwanda chetu mutoto akisema mama, ni mumoja tu, aliyemuzaa. Mama wa mutu mwingine ana neno lake lingine. Lakini Kiswahili hiki cha Goma kinamwaga mama kwa kila mwanamuke anayevaa kikwembe: muuza chumvi mama, bibi ya polisi mama, ata mutoto wa kike ni mama. Nami nakisema hivyo kila siku, sikuwa naona kitu. Leo njo nimeona. Alisema "mama" bila jina nyuma yake. Angesema Mama Angèle ningelala.

Toka leo katika kaye hii sitamwandika tena mama. Ni Angèle.

Tarehe 11

Nilipika samaki. Hilaire akasema ni muzuri, lakini ndimu ingekuwa imefaa. Nyumba hii haijapata kuweka ndimu kwa samaki.

Tarehe 12

Niliweka ndimu. Alikula kama siku zote.

Tarehe 15

Nimeanza kupeleka sufuria shantye mapema. Leo nilifika wa kwanza.

Tarehe 16

Leo Angèle alifika wa kwanza. Bugali na makayabo, samaki wake wa chumvi wa Vitshumbi, na watu wote wa shantye wanakula na kumwita mama, mama, kama wana-mbuzi.

Tarehe 17

Nilifika wa kwanza. Hilaire alikula yangu, halafu ya Angèle ikaja, akala na ile.

Tarehe 19

Hilaire ananenepa. Habarurema anasema vita vyetu vinamufaa.

Tarehe 23

Ndayambaje, hapa shusha sauti. Hii ni ya mama yako peke yake, muzee Sibomana asisikie.

Habarurema aliniambia akiwa anakula, kama mutu anayesema leo iko upepo, kwamba Angèle ameomba Hilaire aende na mashua mpaka Vitshumbi. Aifunge kule, halafu akae, ajenge zingine. Kule wanazihitaji nyingi. Atampa nyumba.

Nilimuuliza yeye alijibu nini. Akasema Hilaire ni mutu muzima, amejibu mwenyewe.

"Amejibu nini?"

"Amesema atafikiri."

Nikaacha kijiko. Mutoto huyu hajapata kufikiri kitu. Kila siku nafikiri mimi, yeye anafanya. Habarurema akafuta kinywa akasema, "Wanawake wengine wanaona wivu kwa ajili ya bwana. Wewe wa mutoto."

Nikamwambia bwana hana anayemutaka, ndiyo sababu nimetulia. Akacheka mpaka akatoa unga wa mbao puani. Mimi sikucheka. Nilikwenda kwa ziwa kuteka maji na mitungi ikiwa imejaa.

Unielewe. Kama angekuwa binti mwenye kutaka kuolewa naye, ningejua la kufanya. Ningeangalia familia yake, ningeuliza ng'ombe, ningelia kidogo siku ya harusi kama watu wote. Lakini huyu hataki bwana. Anataka mwana. Na wangu nimemubeba, nimemunyonyesha, nimemutoa funza miguuni, halafu mutu anakuja na ndimu.

Tarehe 24

Hajazaa. Watu wa Butembo wanaopita na vitunguu waliniambia. Miaka yote ya ndoa, hakuna kitu. Basi siku ya kushusha mashua hawezi kukaa wa kwanza ata kama ni yake. Nimelifunga neno hili vizuri, sikulisema kwa mutu.

Tarehe 30

Mvua kubwa. Mbao za shantye zimefunikwa na mahema, kazi imelala. Niliomba katika misa kitu kibaya. Niliomba ile mashua ivuje. Si kuzama, Bikira Maria anajua, kuvuja tu kidogo mbele ya watu wote, ili Hilaire aone bado hajafika, abaki hapa na Nzabonimpa ajifunze mwaka mwingine.

Tarehe 3 ya mwezi wa kumi na moja

Kila nikifunga macho kwa sala naona mashua. Siombi tena, nasema Baba Yetu peke yake.

Tarehe 8

Vipande vitatu vimesimama. Nilikwenda kuangalia wakati Angèle yuko sokoni. Ni kazi nzuri. Nilipitisha mukono kwenye kuta, hakuna mahali panashika nyuzi za kikwembe. Hilaire alikuwa nyuma yangu, akauliza, "Mama, unaonaje?" Nikasema ni nzito.

Kwa nini nilisema hivyo? Uso wake ulianguka.

Tarehe 13

Kazi imefika kwenye kamba. Kati ya mbao na mbao wanaingiza kamba za pamba zilizosokotwa, halafu gudro, ile lami nyeusi, juu yake, njo maji yasipite. Mahali vipande vinapokutana kamba iwe nene na ikazwe sana. Kila mwaka ni mimi ninayesokota na wanawake wa shantye. Leo Hilaire alikuja kuniomba. Nikasema mukono unaniuma.

Haukuniuma.

Akasema pole, akaenda. Nikabaki nimeketi nimeshika mukono muzima kama mugonjwa.

Tarehe 14

Angèle anasokota yeye mwenyewe. Alisema si neno, hana kazi.

Tarehe 16

Mvua ilinyesha saa za kula, watu wote wakakimbilia chini ya hema la jikoni. Mimi nilikuwa kwenye banda la kamba kwa sababu nilikuwa nimekuja kuona. Nilishika moja. Legevu kama ulimi wa mbwa. Ya pili vilevile. Vidole vya Kifaransa, havijui kuvuta. Kamba kama hizi, maji ya ziwa yatapita yakiimba.

Basi njo maombi yangu, Nyirakamana, yalikuwa pale mikononi. Nilitakiwa kuziweka chini tu na kwenda nyumbani.

Lakini nikafikiri: ikivuja, watasema nini? Hawatasema Angèle alisokota vibaya. Watasema Hilaire mwana wa Habarurema alijenga mukate. Nami niache mutoto wangu achekwe kwa sababu ya vidole vya ule? Nilipata hasira kubwa kuliko hasira zote za mvua hii. Nikaketi, nikazifungua zote moja moja, nikazisokota upya kwa nguvu mpaka ngozi ya kidole ikatoka. Nikazirudisha namna alivyozipanga, kichwa kwa kichwa.

Sasa mukono unaniuma kweli.

Tarehe 21

Gudro. Nyumba yote inanuka Hilaire.

Tarehe 26

Habarurema amesema kesho kutwa inashushwa. Hilaire amesema: mama atakaa wa kwanza. Alisema hivyo mbele ya baba yake na mbele ya Nzabonimpa. Nilifua kikwembe cha ubatizo wa Émérance. Nilimuuliza Habarurema mara ya pili alisema nini, akajibu, "Mama atakaa wa kwanza. Unataka niimbe?"

Tarehe 28

Andika polepole, mukono. Ndayambaje, soma kwa sauti, na baba yako asikie.

Asubuhi hakukuwa na mvua. Tulishuka mimi, Habarurema na Émérance. Watu walikuwa wengi, ata wale wa soko walikuja kuona mashua ya vipande. Ilikuwa imefungwa na bulo zake, ndefu, nyeusi, imekaa juu ya magogo, pua yake imeelekea maji. Na kando yake, vikwembe vipya, kitambaa cheupe kichwani, alikuwa Angèle.

Aliniona nimevaa. Nami nikamuona amevaa. Tukaelewa sote wawili pamoja.

Nzabonimpa akaanza kueleza kabla hajaulizwa. Akasema yeye alisikia Hilaire akisema mama, na mama wa shantye ni huyu anayetupikia, basi alimwambia ajitayarishe. Habarurema akasema na yeye alisikia mama, na mama wa nyumba yake ni huyu aliyemufulia shati. Mutu mumoja nyuma akapiga kelele, "Hilaire, kama mama ni wawili, tukutafutie na baba wa pili?" Kicheko kikashuka mpaka kwa ziwa. Ata patron alitaka kujua wanacheka nini, hakuna aliyeweza kumweleza kwa Kifaransa.

Watu wakamugeukia Hilaire. Alikuwa anatoa gudro kwenye kucha. Nzabonimpa akasema, "Sema mwenyewe. Ulisema mama yupi?"

Hilaire akafungua kinywa. Nikajua sitaki kusikia. Kama atasema mimi, atasema kwa sababu nasimama pale. Kama atasema ule, nitakufa nikiwa nimevaa vizuri. Nilitaka kinywa kile kifungwe.

Nzabonimpa hakungoja. Alisema, "Tusichelewe, desturi iko. Anakaa aliyezaa. Huyu mama hajazaa. Asimame pembeni."

Hakuna aliyecheka.

Neno lile nililiweka ndani tangu mwezi wa kumi. Nililikunja kama pesa ya kodi. Nilikuwa nafikiri siku litakapotoka nitashiba. Sasa limetoka katika kinywa cha mutu mwingine, nikamuangalia Angèle. Hakulia. Aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Alifunga muda murefu. Kutoka juu niliona shingo yake, na kitambaa kile cheupe, amekipiga pasi asubuhi akiwa peke yake katika chumba cha kupanga, hana mutu wa kumwambia kimekaa upande.

Nikasema, "Nzabonimpa, zote nilizokalia zilikuwa kipande kimoja, nikatosha. Hii ni vipande vitatu. Peke yangu siiwezi. Mama Angèle, panda."

Neno lilitoka lenyewe. Nzabonimpa akataka kubisha, Habarurema akamwambia aweke unga wa mbao masikioni kama yeye.

Basi wakatupandisha. Mimi kipande cha mbele, yeye cha katikati, wakasukuma kwa wimbo, magogo yakalia, na mashua ikaingia majini. Nyirakamana, haikutikisika. Ilikaa juu ya ziwa kama nyumba. Mara nikasikia kucha mukononi mwangu. Mama Angèle alikuwa amevuka mpaka kipande changu kwa magoti, amenishika, macho amefunga.

"Siyawezi maji," alisema.

"Unauza samaki."

"Wanakuja kwangu wamekwisha kufa."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Watu pembeni wakafikiri tunafurahi. Tulikaa hivyo, wanatuvuta na kamba polepole, na yeye akasema bila kufungua macho, "Mama Hilaire, mwana wako ananichosha. Kila chakula ninachomupa anasema ni kizuri lakini mama yake anaweka chumvi kidogo. Nikipika maharagi, mama yake anayaacha yakauke zaidi. Miezi yote nimepika nikikufuata wewe, sikukufikia. Kuna siku nilimwaga sufuria."

Nilisema, "Na mimi niliweka ndimu."

Akafungua macho. Tukatazamana kidogo, halafu kila mutu akatazama upande wake, maana si mambo ya kutazamana sana.

Halafu akakumbuka mashua yake. Alipeleka mukono chini, pale kipande na kipande vinapokutana, akapapasa, akaleta kiganja juu. Kikavu. Akapapasa upande mwingine. Kikavu. Uso wake ukang'aa kama wa mutoto, akaniambia, "Hizi kamba nilisokota mimi na mikono yangu."

Nilinyamaza. Ona, nimeandika hapa kwamba nilinyamaza, ili mutu mumoja duniani ajue. Meno yaliniuma kwa kunyamaza. Nilisema, "Pongezi."

Tulipofika pembeni Hilaire aliingia majini mpaka kiuno kutupokea. Alinishusha mimi kwanza au yeye kwanza? Hakumushusha mutu, alisimama anapapasa bulo zake, mutoto wa watu. Baba yake njo alitushusha.

Jioni alikula hapa. Alikula, akaongeza. Émérance alikuwa ameondoa sahani aliposema, "Mama, zile kamba zimesokotwa kushoto."

"Zipi?"

"Za katikati. Mama Angèle anasokota kulia, kama watu wote. Mutu wa kusokota kushoto ninamujua mumoja."

Wewe na mimi tu, Nyirakamana, vile mama yetu alivyotufundisha kwa mikeka. Nikamuuliza kama amemwambia Angèle. Akasema hapana, na hatamwambia. Halafu, bila kuinua macho, "Nitaenda, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mashua ya pili iishe."

"Na ya tatu?"

Baba yake akauliza kama viazi vimebaki.

Tarehe 30

Mvua. Wamesema barabara ya Rutshuru ni matope, kamio haiwezi kupita. Asante Mungu.

Tarehe 2 ya mwezi wa kumi na mbili

Mvua. Asante.

Tarehe 3

Mvua. Angèle alituma vitunguu. Nilimutumia lengalenga. Aliandika jina la Hilaire juu ya karatasi ya vitunguu, kama vile nyumba hii ni ya Hilaire, si yangu.

Tarehe 5

Jua.

Tarehe 6

Jua. Shofere alikuja kupima vipande. Nilimuuliza kama hapendi kungoja barabara ikauke zaidi. Akasema, "Mama, ikikauka zaidi itakuwa vumbi." Ata huyo ananiita mama, simujui.

Tarehe 8

Niliwaza nimufungie Hilaire vitu vyote vya nyumba. Nimefunga blanketi, shati mbili, sabuni, dawa ya tumbo, na chumvi. Vitshumbi wanatoa samaki wa chumvi na mimi namufungia chumvi. Émérance alicheka, nikamuacha acheke. Nilimueleza Angèle kwamba Hilaire akipata homa hasemi, anakaa tu upande mumoja wa kitanda. Nilimueleza kwamba anakula pilipili halafu anakana. Alisikiliza vizuri, akarudia yote bila kosa. Nilikuwa nataka asahau moja.

Usifikiri sasa tunapendana. Akimugusa Hilaire bega bado nasikia kitu hapa chini ya titi, kama funza. Lakini nimemufungia kitambaa chake cha kichwa vizuri nyuma, kilikuwa kimekaa upande.

Tarehe 10

Wamepakia. Vipande vitatu vimesimama katika kamio kama masanduku matatu ya mutu mukubwa sana, vimefungwa na kamba. Kesho alfajiri wanaondoka. Kaye hii nampa shofere wa kamio nyingine inayoondoka sasa hivi, akupe mukononi leo.

Nyirakamana, sikiliza vizuri, Ndayambaje rudia hapa mara mbili. Kamio ya mashua itasimama hapo Rutshuru kwenye soko kabla ya kushuka kwa Vitshumbi, shofere wake ameniahidi. Uwe umekwisha kupika. Maharagi, uyaache yakauke zaidi, chumvi kidogo, na usiweke ndimu. Umupe Hilaire wewe kwanza, akiwa bado juu ya kamio, kabla Angèle hajafungua sufuria yake. Amefunga moja kubwa, nimeiona. Na ule mama pia umupe, kwa sahani nzuri, ni mugeni wangu. Halafu umuangalie Hilaire usoni akiwa anatafuna, unieleze. Kesho yake kamio itapita hapo tena ikirudi Goma bila mizigo. Usingoje barua ndefu, andika mistari miwili tu, umupe shofere, nami nitakuwa nimesimama barabarani. Alikula ya nani akamaliza? Unijibu upesi.

Mudogo wako,
Nyiramahirwe